Gharama ya Mlango Uliofungwa

Msomaji, huenda theluji umeiona kwa mbali tu, asubuhi isiyo na mawingu, ikimeta juu ya kilele cha Mlima Kenya. Kwa mbali theluji ni kitu kizuri. Lakini ziko nchi ambazo theluji haikai mlimani ikingoja kutazamwa. Huteremka mpaka mlangoni, ikafunika njia, ikazika magari na kukata nyaya za umeme, hata mji mzima ukanyamaza. Katika nchi hizo, mathalan Marekani, Kanada na Uingereza, iko desturi ya kufunga shule dhoruba inapokuja. Siku hiyo huitwa siku ya theluji, na watoto huishangilia sana. Katika insha hii nataka kukueleza kwa nini wazazi na walimu wengi hawaishangilii, na nataka kushindana na wale wanaosema kwamba jambo hili ni dogo.

Neno langu ni hili: siku ya shule iliyofungwa si ya bure. Ina gharama, na gharama hiyo hapana budi ilipwe na mtu. Anayetoa amri ya kufunga aghalabu siye anayelipa. Basi ni wajibu wa kila mwenye mamlaka ya kufunga mlango wa shule kujiuliza, kabla hajageuza ufunguo, mtoto atakaa wapi, atakula nini, na nani atapoteza ujira wake kwa ajili hiyo. Asiyejiuliza hayo hakuiondoa hatari. Ameihamisha tu, akaitoa barabarani na kuipeleka nyumbani kwa mtu asiye na uwezo.

Sitaki nisingiziwe kwamba nawahimiza watoto watembee katika dhoruba. Hatari ya theluji ni hatari ya kweli. Tarehe 12 Januari 1888, katika nyanda za Nebraska na Dakota nchini Marekani, siku ilianza kwa vuguvugu lisilo la kawaida ya majira yale. Watoto wengi walikwenda shule bila nguo nzito. Baadaye siku ileile dhoruba ikawashukia ghafula, upepo ukachanganyika na theluji laini kama unga, hata mtu hakuweza kuona hatua chache mbele yake. Watu wanaokadiriwa kuwa 235 walikufa, wakiwamo watoto wengi waliokuwa njiani kurudi makwao. Huko Nebraska mwalimu kijana, jina lake Minnie Freeman, aling'olewa paa la shule yake ndogo na upepo. Akawaongoza wanafunzi wake katikati ya dhoruba mpaka nyumba ya jirani, nao wakapona. Mtu anayeijua habari ya siku ile hawezi kuidharau tahadhari. Palipo na hatari ya mauti, shule na ifungwe. Juu ya hilo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni juu ya namna ya kufunga, na juu ya usahaulifu unaofuata.

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda. Msimamizi wa shule za wilaya nchini Marekani, au mwalimu mkuu wa shule moja nchini Uingereza, huamka usiku bado mbichi, akatazama habari za hali ya hewa, akawauliza wanaosafisha njia, kisha akaamua. Mara nyingi habari huwafikia wazazi kwa simu karibu na saa kumi na moja alfajiri. Kwa mtu wa ofisini awezaye kufanya kazi yake mezani pake nyumbani, habari hiyo ni usumbufu. Kwa mtu wa kazi ya mikono ni msiba. Mpishi hawezi kupika chakula cha hoteli akiwa kwake. Dereva haendeshi basi kutoka sebuleni. Mfagiaji wa hospitali hafagii kwa simu. Hao wana saa moja, pengine chini yake, ya kumtafuta jirani, nyanya au rafiki atakayekaa na mtoto. Na jirani naye ana watoto wake na kazi yake.

Usidhani kwamba watu hao wote ni wageni kwako. Katika majimbo ya Minnesota na Massachusetts, ambako theluji huanguka kwa wingi kila mwaka, wanaishi Wakenya wengi, na wengi miongoni mwao hufanya kazi ya uuguzi na ya kutunza wazee. Huenda mmoja ni shangazi yako. Hospitali haifungwi kwa theluji. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani hana siku ya theluji. Basi shule inapofungwa, mwuguzi huyo huwa kati ya mambo mawili, na yote mawili mabaya: amwache mgonjwa wa watu apate kumlinda mwanawe, au amwache mwanawe apate kumlinda mgonjwa wa watu. Akichagua la kwanza, hupoteza ujira wa siku na sifa njema kazini. Akichagua la pili, moyo wake hautulii mchana kutwa. Na ukoo wake, ambao ungemwauni, uko ng'ambo ya bahari.

Sheria nayo haimsaidii sana mtu kama huyo. Sheria kuu ya kazi ya Marekani haimlazimishi mwajiri kumlipa mtu wa ujira wa saa kwa saa ambazo hakufanya kazi. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1996 humpa mfanyakazi ruhusa ya kutoka kazini jambo la ghafula linapompata mtu anayemtegemea, lakini haimlazimishi mwajiri kumlipa kwa muda huo. Ruhusa ya namna hiyo ni njema, ila hainunui mkate.

Tena shule si darasa tu. Marekani ilipitisha sheria ya chakula cha mchana shuleni mwaka 1946, na leo mamilioni ya watoto hula chakula hicho kila siku ya masomo. Katika mji wa New York kilifanywa kuwa bure kwa wanafunzi wote wa shule za umma mwaka 2017. Mlango wa shule ukifungwa, mlango wa jiko hufungwa nao. Mtoto wa tajiri hukosa somo la hesabu. Mtoto wa maskini hukosa somo la hesabu na sahani ya chakula. Amri ni moja, lakini uzito wake juu ya watu si mmoja.

Mji huo wa New York waweza kutufundisha kwa siku mbili zilizopishana miaka kumi kamili. Tarehe 13 Februari 2014 theluji ilirundikana kuzidi sentimita 20, na meya Bill de Blasio alikataa kufunga shule. Hoja yake ilikuwa kama hii yangu: wazazi wengi hawawezi kukosa kazi, na watoto wengi hutegemea chakula cha shule. Walakini chini ya nusu ya wanafunzi walihudhuria, na chama cha walimu kilisema kwamba kufungua siku ile kulikuwa kosa. Tarehe 13 Februari 2024, chini ya meya mwingine, mji ulifunga majengo ya shule na kuamuru masomo yaendelee kwa intaneti. Asubuhi ile wanafunzi wengi, na walimu pia, walishindwa kuingia katika masomo kwa sababu mitambo ilizidiwa na wingi wa watu. Mwaka 2014 milango ilikuwa wazi na njia zimezibwa na theluji. Mwaka 2024 milango ilifungwa, na njia mpya iliyoahidiwa ikazibwa nayo. Katika siku zote mbili nia ilikuwa njema. Kilichopungua ni maandalio.

Wako wanaosema kwamba intaneti, ikitengenezwa vizuri, itaimaliza taabu hii. Nawajibu kwamba hata ikifanya kazi barabara, itaponya sehemu ndogo tu. Mtoto wa miaka sita hawezi kukaa peke yake mbele ya kompyuta kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Lazima mtu mzima awe kando yake, amfungulie somo, amrudishe anapotoroka, ampe chakula. Mtu mzima huyo ni nani? Ni yuleyule mama ambaye tumekwisha kusema kwamba yuko kazini. Na mwalimu anayefundisha kwa kompyuta siku hiyo ana watoto wake nyumbani, ambao nao shule yao imefungwa. Twamtaka awe mwalimu wa watoto thelathini na mlezi wa wawili kwa wakati mmoja, kisha twamshangaa akichoka.

Kuchelewa kuamua nako ni kosa kubwa. Tarehe 28 Januari 2014 theluji isiyofika sentimita 8 iliuangukia mji wa Atlanta, ulio kusini mwa Marekani, mji usioizoea. Asubuhi shule zilifunguliwa kama kawaida. Mchana, hali ilipoharibika, shule, ofisi na maduka yakawaachilia watu karibu kwa wakati mmoja. Barabara zikawa barafu, na magari yakakwama kwa maelfu. Zaidi ya watoto 2,000 wa eneo lile walilala shuleni usiku ule, na wengine walinaswa ndani ya mabasi hata usiku. Nani alikesha nao? Walimu. Walitafuta chakula kilichobaki jikoni, wakawatandikia watoto mahali pa kulala, wakawatuliza waliolia, na wao wenyewe wana watoto ambao hawakujua walikuwa wapi. Baadaye gavana wa jimbo, Nathan Deal, aliomba radhi hadharani. Namsifu kwa kuomba radhi, lakini radhi ya kesho haimfuniki mtoto blanketi usiku wa leo.

Nimewataja walimu, na sharti niseme zaidi, maana ndio wanaosingiziwa kuliko wote. Shule ikifungwa, watu hunong'ona kwamba walimu wamepata mapumziko ya bure. Maneno hayo si ya haki. Katika jimbo la New York shule zapaswa kutimiza siku 180 kwa mwaka ili zipate fedha zote za serikali, na siku ikipotea huweza kulipwa kwa kukatwa likizo. Silabasi haipungui kwa sababu theluji imeanguka. Mtihani hauahirishwi kwa sababu njia iliteleza. Mwalimu hurudi akakuta masomo ya siku tatu yanataka kupita katika mlango wa siku moja. Na shule isipofungwa, mwalimu anayeishi mbali hutakiwa kushika njia ileile ambayo redio inawaonya watu wasiipite. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: asiyeubeba huuona mwepesi.

Sasa nasikia mtu akisema, "Kulea mtoto ni kazi ya mzazi. Shule si mahali pa kuwekea watoto wazazi wapate kwenda zao." Hoja hii husemwa kwa sauti ya hekima, na kwa sababu hiyo yataka ijibiwe. Ni kweli kwamba mtoto ni wa mzazi kabla hajawa wa mwalimu. Lakini tazama jinsi ulimwengu wa kazi ulivyopangwa. Mwajiri huweka saa za kazi akijua kwamba watoto wako shule. Serikali huwataka baba na mama wote wawili wafanye kazi, na hukusanya kodi katika kazi hizo. Kodi ya nyumba mijini imepanda hata mshahara mmoja hautoshi. Nyumba nzima imejengwa juu ya nguzo ya shule. Je, ni haki kuing'oa nguzo alfajiri, kisha kumlaumu aliyeangukiwa na paa? Kama shule si msaada wa mzazi anayefanya kazi, basi saa za kazi zibadilishwe. Kama saa za kazi hazibadiliki, basi shule ni msaada huo, tupende tusipende, na aliye nayo mkononi aishike kwa uangalifu.

Nini basi kifanyike? Sitaki miujiza. Kwanza, habari itolewe jioni ya kuamkia siku ile kila inapowezekana. Watabiri wa hali ya hewa siku hizi huiona dhoruba nyingi kabla haijafika, na afadhali kufunga siku moja kwa hofu iliyozidi kuliko kuwashtua watu alfajiri. Pili, pasifungwe pote. Katika kila mtaa wachaguliwe watu wachache wanaoishi karibu, wakubali kwa hiari na walipwe zaidi, wafungue jengo moja lenye moto na chakula kwa watoto wasio na mtu nyumbani. Tatu, sheria imlinde mzazi asifukuzwe wala asikatwe ujira kwa siku ambayo serikali yenyewe ndiyo iliyofunga shule. Nne, siku zilizopotea zihesabiwe tangu mwanzo wa mwaka katika kalenda, ili mwalimu asinyang'anywe likizo yake kama mkosaji. Mambo haya yana gharama. Lakini gharama ipo hata sasa. Tofauti ni kwamba leo hulipwa na mfagiaji, mpishi na mwuguzi, kila mmoja peke yake, kimyakimya.

Wala usiseme kwamba theluji haizuiliki. Nchini Finland, ambako majira ya baridi ni marefu kuliko ya New York, sheria huwataka wenye magari kutumia matairi ya majira ya baridi hali ya hewa inapodai, na maisha huendelea chini ya theluji. Theluji ni kazi ya Mungu. Kutokuwa tayari ni kazi ya wanadamu.

Pengine umesoma mpaka hapa ukasema moyoni, "Kwetu hakuna theluji, haya yananihusu nini?" Wahenga walisema, aisifuye mvua imemnyea. Kumbuka mwaka 2024. Muhula wa pili wa shule zetu za Kenya ulikuwa uanze tarehe 29 Aprili. Mvua kubwa ilinyesha, mito ikafurika, watu wengi wakapoteza maisha, na shule nyingi zikaharibiwa au zikawa makao ya waliohama. Kufungwa kwa shule kulikuwa na sababu ya haki kabisa. Lakini habari ya kuahirisha kwa juma moja ilitolewa saa chache tu kabla ya muhula kuanza, masanduku yamekwisha kufungwa na nauli zimekwisha kutafutwa. Tarehe 3 Mei ikatangazwa kwamba shule hazitafunguliwa mpaka itakapotangazwa tena. Hatimaye zilifunguliwa tarehe 13 Mei. Kwa majuma mawili hayo mama mwenye kibanda sokoni, baba mlinzi wa usiku na yaya anayelea watoto wa watu huku wake wakiwa peke yao walikuwa katika shida ileile ya mwuguzi wa Massachusetts. Na kabla ya hapo, mwezi wa Machi 2020, shule zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na madarasa yote hayakurudi mpaka Januari 2021. Walimu wengi wa shule za binafsi walikaa miezi mingi bila mshahara. Waliuza mboga, walilima vibarua, na wengine hawakurudi kufundisha tena. Theluji yetu ina majina mengine.

Basi, wewe mwanafunzi, nina ombi moja kwako. Leo shule ikifungwa wewe hufurahi, na sikulaumu. Hata mimi nilifurahi nilipokuwa mtoto. Lakini siku hiyo, kabla hujatoka kucheza, mtazame mtu mzima wa nyumbani kwenu. Mtazame anavyoshika simu, anavyohesabu fedha, anavyompigia jirani, anavyomwomba msimamizi wake radhi kwa kosa asilolitenda. Kisha fikiri juu ya mwalimu wako, ambaye somo lililokatika leo linamngoja kesho likiwa limeongezeka. Miaka haitakuwa mingi kabla baadhi yenu hamjawa walimu wakuu, wakurugenzi wa elimu, waajiri, wabunge na mawaziri. Ufunguo wa mlango utakuwa mkononi mwenu. Dhoruba au mafuriko yatakapokuja, fungeni, maana uhai ni kwanza. Lakini kabla ya kufunga, fungueni mlango mwingine, hata kama ni mdogo, na mjue kwa majina ni watoto gani watapita hapo.